Vita vya Pembe Nne Nyuma ya Migomba ya Kisondela

Nyamazeni, enyi mnaomenya ndizi, nanyi mnaobishana juu ya mpira, wekeni visu na ndimi chini! Mwenye kukohoa na akohoe sasa amalize, na mwenye haja ya kutoka nje na aende upesi arudi, kwa maana habari hii ni ya huko huko nje, na atakayetoka katikati atakosa pale patamu. Leo vinasimuliwa vita vikuu vilivyopiganwa Kisondela, nyuma ya migomba ya Mzee Andrea, katika miaka ile ya ruksa. Vita ambavyo havikupiganwa kwa mikuki wala kwa bunduki, bali kwa mianzi, kamba za mgomba, na mabega ya watu wawili wasioruhusiwa kutazamana.

Ewe mlima Rungwe, unayejitanda wingu asubuhi kama mama mwenye baridi, shuhudia! Nawe mvua ya Tukuyu, usiyejua kupiga hodi, wewe ndiwe uliyeanzisha ugomvi wote. Usijifanye leo kuwa mgeni!

Palikuwa na Tusekile, mke wa Andrea, mama yake Hezron, Mvumilivu wa Masika, Mpanda Vilima, Mbeba Mikungu, ambaye kwa umri wake wote hakuwahi kumwomba mume wake dhahabu wala fedha wala safari ya kwenda kuona bahari. Alimwomba kitu kimoja tu. Aliomba mahali pakavu pa kukaa akiwa na haja.

Msicheke. Anayecheka ana magoti mazima. Magoti ya Tusekile yalikuwa yamepanda milima yote ya Kisondela na mkungu kichwani, na sasa yalikuwa yamezeeka kabla ya mwenyewe. Yakishakunjwa hayakunjuki kwa amri ya kwanza, wala ya pili. Kwa hiyo mama huyu alipoingia chooni alikuwa ameingia kweli, kama mtu aliyesafiri. Na choo kile kiliezekwa nyasi, na katika nyasi zile palikuwa na tundu, moja tu, lakini tundu lenye akili za kibinadamu, maana popote alipogeuka lilimfuata, likamdondoshea maji ya baridi kisogoni, tone baada ya tone, naye hana pa kukimbilia. Masika ngapi! Naye alifuta shingo yake kwa ncha ya kitenge, akisema moyoni, "Siku moja na mimi nitakaa pakavu kama wenzangu."

Ndipo zikaja zile siku za ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka yaliyokuwa yamefungwa midomo yakafunguka yote kwa pamoja yakaanza kuongea. Sabuni ikarudi, sukari ikarudi, nguo za mitumba zikamwagwa sokoni Mpuguso kama mazao. Na pale Tukuyu mjini Bwana Yunusu, mtu wa swala tano na maneno elfu, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akayasimamisha mabati mlangoni, yakawa yanang'aa hata wapita njia wakajitengeneza nywele. Hezron alipopita na lori la ndizi akayaona, akamkumbuka mama yake. Akachukua mabati yaliyokwisha kukatwa, ambayo yakilazwa bega kwa bega yanafanya mraba mmoja safi. Akayaleta nyumbani, akamwambia baba yake, "Baba, hili paa la mama," kisha akapanda tena lori lake akaenda zake Mbeya, akimwacha nyumbani mkewe, Sekela.

Basi Mzee Andrea akainuka. Huyu alikuwa Mzee wa Kanisa, Mkata Mianzi, Mjenzi Asiyeshauriwa. Akakata mianzi minne kwa kipimo cha fimbo yake ya kutembelea, yote sawasawa, pasipo mmoja kumpita mwenzake hata kwa ukucha. Akakiondoa kibanda cha nyasi, akachimbia nguzo nne kulizunguka lile shimo la choo, akaifunga mianzi juu ya nguzo, pembe kwa pembe, kwa kamba za mgomba. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akashika kiuno, akatangaza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya kijito:

"Pande nne, na zote sawa! Huu ndio mraba, Mama Hezron! Njoo uone kazi ya mume!"

Tusekile akaja, mdogo mdogo, akatazama. Akainamisha kichwa upande mmoja. Akainamisha upande wa pili. Kazi ya mume ilikuwa imelala kidogo, kama mtu anayesikiliza siri ya jirani. Kwa sababu ardhi ya Kisondela haina mahali palipo sawa isipokuwa meza ya kanisani, na nguzo zilikuwa zimeufuata mteremko.

"Baba Hezron," akasema kwa upole, "mbona kama inasinzia?"

"Inasinzia nini! Nimejenga nyumba mimi tangu hujaja hapa. Nyumba ipi ilianguka?"

Na kweli hakuna iliyoanguka. Lakini zote zilikuwa za nyasi, na nyasi ni kama bibi kwa wajukuu: ukimpelekea kilichopinda, anakikumbatia hivyo hivyo. Bati si bibi. Bati ni karani. Mzee akaliinua la kwanza, akaliinua la pili, akayapanga juu ya mianzi. Na tazama, pembe moja ya mabati ikatokeza nje kama ulimi wa mtoto mtovu wa adabu, na pembe nyingine ikarudi ndani, ikaacha mwanya. Naye Tusekile alipochungulia chini ya mwanya ule kuona mvua itaangukia wapi, moyo ulimfanya paa! Mwanya ulikuwa mahali pa lile tundu la zamani. Pale pale pa kisogo.

Mzee akayasukuma mabati kulia, mwanya ukahamia kushoto. Akayavuta kushoto, ulimi ukatokeza kulia. Akayatukana kistaarabu, kama ilivyompasa Mzee wa Kanisa. Mwishowe akasema, "Yatazoea," akaweka msumari juu ya bati, akainua nyundo.

Hapo ndipo wasikilizaji wanapopaswa kushika vifua. Kwa maana nyasi ukikosea unazing'oa, lakini bati likitobolewa limetobolewa. Tundu la msumari halina toba. Nyundo ile ikishuka, Tusekile angekuwa ameondokana na tundu la nyasi akapewa la bati, na hilo lingemdondokea hadi siku ya kuzikwa.

"Usipige!" akapiga kelele Mvumilivu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. Kuku wakakimbia. Mzee akabaki na nyundo hewani kama sanamu.

Wakati huo huo kengele ya baiskeli ikalia njiani, akatokea Bwana Yunusu mwenyewe, kanzu ameikunjia kiunoni isiguse mnyororo, maana ilikuwa Ijumaa. Alikuwa amewaletea misumari ya bati ambayo Hezron aliisahau juu ya meza ya duka.

"Mugonile wazee wangu!" akaamkia, na kabla hajaitikiwa akaona paa. Akashuka. Akazunguka choo chote kama mnunuzi wa ng'ombe. "Mzee Andrea, shikamoo. Nani amekujengea hii rombasi?"

"Marahaba. Hii nini?"

"Rombasi."

"Rombasi ni ugonjwa gani?" akauliza Mzee, akishusha nyundo. "Mimi nimejenga mraba. Pima! Pande nne sawa. Hesabu hiyo wewe umeikataa?"

"Sijaikataa, Mzee wangu. Lakini pande nne sawa ni nusu ya habari. Tazama." Akaushika ule mwanzi wa pembeni akausukuma kidogo, na jengo lote likainama zaidi, huku mianzi ikibaki mirefu vile vile. "Umeona? Pande zimebaki sawa, na nyumba imelala. Nikisukuma tena italala kabisa kama kitabu kilichofungwa, na pande bado sawa. Kila chenye pande nne sawa ni rombasi. Mraba ni rombasi aliyesimama wima, pembe zake kama za kitabu."

"Kwa hiyo mraba ni rombasi," akasema Mzee polepole, akitafuta mtego.

"Ndiyo."

"Na hii yangu ni rombasi."

"Ndiyo."

"Basi hii yangu ni mraba! Nimekushinda, kijana wa mjini!" Akaitupa nyundo kwa furaha, ikaangukia kwenye viazi.

Yunusu akajishika kichwa. "Astaghafirullah! Mzee, kila mtu wa Kisondela ni mtu wa Rungwe, si ndiyo? Sasa mtu wa Kinyala, naye ni wa Rungwe. Kwa hiyo amekuwa wa Kisondela?"

"Wa Kinyala? Hata!" akasema Mzee, na uso ukaonyesha kwamba jambo lile lilimgusa kuliko hesabu yote.

"Ndivyo hivyo. Kila mraba ni rombasi, lakini si kila rombasi ni mraba. Tena nakwambia, mraba huyo huyo ni mstatili. Mstatili ni yeyote mwenye pembe nne zilizonyooka kama za kitabu, awe mrefu kama mkeka wa msikitini, awe na pande zote sawa."

"Sasa umezidi," akasema Mzee. "Juzi umemuuzia mwanangu mabati, leo unataka kuniuzia kichwa. Mtu mmoja anawezaje kuwa wa ukoo huu na ukoo ule?"

Lakini Tusekile, ambaye darasani alikaa miaka michache tu kabla ya kuitwa kulea wadogo zake, lakini kwenye mambo ya koo hakuna msiba aliokosa, alikuwa ameketi juu ya gogo akisikiliza, na sasa akaona njia imenyooka mbele yake kama barabara ya lami.

"Baba Hezron," akanena, "wewe mwenyewe una ukoo wa baba na ukoo wa mama, na hakuna aliyekushtaki. Huyu mraba baba yake ni Rombasi, amemrithisha pande sawa. Mama yake ni Mstatili, amemrithisha pembe nyofu. Ukimtazama miguu utasema wa baba. Ukimtazama mabega utasema wa mama. Sivyo, Bwana Yunusu?"

"Mama umemaliza!" akasema Yunusu. "Na babu wa wote ni Msambamba. Huyo sharti lake moja: pande zinazotazamana zielekee njia moja, zisikutane hata zikitembea mpaka Dar es Salaam."

Tusekile akacheka hadi akashika magoti. "Mwe! Huyo Msambamba ni mtu wa kwetu kabisa! Anatembea kama baba mkwe na mkamwana. Njia moja, na kukutana marufuku!"

Mzee Andrea hakucheka. Kwa maana pale nyumbani kwake jambo hilo halikuwa utani. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami mkamwana; hawapeani mkono, hawakai chini ya paa moja, hawasemezani. Makanisa yalihubiri, vijana wakalegeza, lakini Mzee Andrea alisema dini ni dini na heshima ni heshima. Hivyo uani kwake palikuwa na njia mbili, moja ya kwake na moja ya Sekela, katikati migomba. Kila alipotoka alikohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha ugonjwa, kilikuwa honi. Sekela akikisikia alitupa jembe akajibanza nyuma ya mgomba hadi kipite. Tangu aolewe alikuwa akiufahamu mgongo wa baba mkwe wake tu, tena wa mbali.

"Na wale wenye pande mbili tu zinazoelekeana?" akauliza Tusekile, ambaye sasa utamu ulikuwa umemkolea. "Na hizi nyingine mbili zinaangukiana?"

"Hao ni trapeza."

"Hao ndio vijana wa siku hizi. Heshima yao upande mmoja. Na wale wasio na lolote, kila upande na njia yake?"

"Hao ni pembenne tu, Mama. Hawana jina jingine."

"Walevi," akahukumu Tusekile, na hukumu hiyo haijakatiwa rufaa hadi leo.

"Sasa tufanyeje?" akasema Mzee, akiwa amechoka na ukoo usiokuwa wake.

Yunusu akatazama jua lililokuwa likijificha nyuma ya wingu. "Rahisi. Shusha mabati, kisha pima kwa kamba toka pembe hii hadi ile ya mbali, na hizi pembe nyingine mbili vivyo hivyo. Ni zile njia mbili zinazokatana katikati. Za rombasi aliyelala, moja ndefu moja fupi. Msukume zile pembe mbili zilizochongoka, zisogeleane, hadi kamba moja itoshe kote kote. Hapo amesimama. Halafu mfunge mwanzi wa tano wa mshazari, pembe hadi pembe, asilale tena. Mimi nawahi swala." Akaikunja tena kanzu yake, akaondoka mbio mteremkoni, kengele ikilia, akiwaachia misumari na msiba.

Msiba gani? Sikilizeni vizuri. Pembe zilizochongoka zilikuwa mbili, na lazima zisukumwe kwa wakati mmoja, maana Mzee alipoisukuma moja peke yake jengo zima lilihama likataka kwenda kwa jirani. Watu wawili, basi. Tusekile mabega hayakuweza, na yeye ndiye wa kushika kamba. Majirani wote walikuwa sokoni Mpuguso. Na wingu jeusi lilikuwa limeshashuka kutoka mlimani, linakuja na miguu yake mirefu.

Palikuwa na jozi nyingine moja tu ya mabega, mapana, ya kulima, nayo yalikuwa jikoni yakisonga ugali.

"Hapana," akasema Mzee Andrea, kabla hajaambiwa kitu.

"Sijasema."

"Unataka kusema. Hapana! Pembe inatazamana na pembe. Mimi nisimame hapa, yeye asimame pale, tutazamane kama watu wanaofunga ndoa? Wazee wangu wakiamka kaburini watasema nini?"

"Watasema, Andrea, mkeo amelowa."

Neno lile lilipita ngozi.

Ndipo Tusekile, Mvumilivu wa Masika, akafanya lile tendo ambalo kwalo jina lake lingepaswa kupewa barabara. Alichukua kamba akaifunga, kwa kuilegeza kidogo, kwenye zile pembe mbili butu, pembe hadi pembe, ikapita katikati ya choo kama mpaka wa nchi. Kisha akavua kitenge chake cha juu, kile kipana chenye maua ya njano, akakitundika juu ya kamba, kikashuka hadi chini. Na lile umbo la pembe nne likagawanyika mara moja kuwa vyumba viwili vya pembe tatu tatu, sawa kwa sawa, kila kimoja na pembe yake iliyochongoka. Na mtu wa chumba hiki hakuweza kumwona wa chumba kile.

"Huku baba mkwe, kule mkamwana," akatangaza. "Wazee wako walale salama. Sekela! Gwe Sekela! Pitia nyuma, uje na mabega!"

Sekela akaja kwa njia yake, amejitanda khanga hadi puani, macho chini, akasimama kwenye pembe yake. Mzee akakohoa upande wa pili, honi ya desturi. Na miguu ya yule dada, kwa mazoea, ikaanza kukimbia yenyewe kuelekea migombani.

"Rudi!" akasema Tusekile. "Leo kikohozi hakina kazi. Sukumeni!"

Wakasukuma. Mianzi ikalia. Tusekile akashika kamba ya pili, akaipima huku, akainama taratibu akaipitisha chini ya kitenge, akaipima kule, ndefu mno. "Bado!" Wakasukuma tena. Lakini hapo heshima ikaharibu kazi. Sekela kila alipousikia mguno wa baba mkwe alidhani amemshinda nguvu mkubwa wake, akalegeza. Mzee kila aliposikia mianzi ikilia upande wa pili alidhani anamwonea mtoto wa watu, naye akalegeza. Na jengo, likiwa katikati ya adabu mbili, likaenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mlevi anayechagua mlango.

"Mwambie huyo aliye huko," akasema Mzee, "asinihurumie."

"Sekela, baba anasema usimhurumie."

"Mama, mwambie Baba simhurumii. Namheshimu."

"Baba Hezron, anasema anakuheshimu."

"Mwambie aniheshimu kwa nguvu!"

Neno hilo halikuhitaji kupelekwa, kitenge si ukuta. Sekela akapanda miguu yake katika udongo mwekundu, akausukuma ule mwanzi kama anavyosukuma ng'ombe asiyetaka kuvuka kijito. Na upande wa pili Mkata Mianzi akafanya vivyo. Tusekile akaenda na kamba, akarudi na kamba. Magoti yalipiga kelele, akayaambia yanyamaze. Tofauti ikawa kiganja. Ikawa vidole. Ikawa kidole.

Hapo mvua ikafika. Haikudondoka, iliangushwa. Upepo ukaja mbele yake ukakinyakua kile kitenge cha maua ya njano, ukakiinua juu ya migomba, ukaondoka nacho.

Ah, ndugu wasikilizaji! Kwa mara ya kwanza tangu mahari ikubaliwe, baba mkwe na mkamwana walikuwa uso kwa uso, pembe kwa pembe, pasipo jani la mgomba kati yao!

Na wote wawili, kwa mpigo mmoja, wakafumba macho.

Wala hawakuachia. Sekela alitaka kukimbia, na Mzee alitaka kukimbia, lakini kila mmoja alijua kwamba akiachia, mianzi itamwangukia yule mama katikati, na rombasi itarudi kulala. Wakasimama pale macho yamefumbwa kwa nguvu, nyuso zimekunjamana kama watu wanaokula ndimu, mvua ikiwapiga, wamekumbatia kila mmoja pembe yake.

Tusekile akapima. Pembe hii hadi ile. Akavuka. Pembe ile hadi hii. Kamba ikatosha. Akarudia, maana hakuwa mtu wa haraka. Ikatosha tena.

"Amesimama," akanena kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa, hadi ng'ombe wa ng'ambo wakaitikia: "Amesimama! Mwana wa Rombasi na wa Mstatili, mjukuu wa Msambamba, amesimama wima Kisondela! Msiachie! Naufunga mshazari!"

Akaanza kuufunga. Na Tusekile alikuwa mtu wa mafundo mazuri, si mafundo ya upesi. Akazungusha kamba, akakaza, akazungusha. Maji yakawaingia shingoni wale wawili. Sasa hapakuwa na wa kupeleka ujumbe, maana mjumbe kamba ilikuwa kinywani.

Mzee Andrea akakohoa. Hakikuwa honi, yalikuwa maji. Akauliza, macho yamefumbwa:

"Umeshika?"

Miaka yote ile ikasimama kusikiliza.

"Nimeshika, Baba."

"Bega haliumi?"

"Linauma, Baba."

"Langu pia," akasema Mzee. Kisha, baada ya kufikiri: "Ule ugali wako wa jana ulikuwa mzuri."

"Ndaga, Baba," akashukuru Sekela.

"Chumvi kwenye maharage ilizidi."

"Ndaga, Baba," akasema Sekela, na hapo pembe yake ikaanza kutikisika, kwa sababu alikuwa anacheka. Na kicheko kile kikapita kwenye mwanzi, kikatembea upande hadi upande, hadi pembe ya Mzee nayo ikatikisika.

"Acheni kutikisa!" akafoka Tusekile kupitia kamba.

Fundo la mwisho likakazwa. Wakaachia. Jengo halikulala. Sekela akageuka, macho bado yamefumbwa, akaenda jikoni akiipapasa migomba mmoja mmoja. Na Mzee akampa mgongo, akahesabu pumzi, ndipo akafungua macho. Akayapandisha mabati. Yakakaa pembe kwa pembe, bila ulimi, bila mwanya, kama karani aliyepata muhuri wake. Akaichimbua nyundo kutoka kwenye viazi. Akapiga, na kila msumari uliposhuka Tusekile alitikisa kichwa kama anayesikiliza kwaya. Kuta na mlango wa choo cha zamani vikaegemezwa kwenye nguzo, vikafungwa.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote, toka Kinyala hadi Mpuguso, toka chini mtoni hadi juu mlimani kwenye wingu, kwamba siku ya Ijumaa ile, katika miaka ya ruksa, Tusekile mama yake Hezron, Mshika Kamba, Mpatanishi wa Pembe, Mshindi wa Mvua, aliingia katika ngome yake mpya akavuta mlango. Wafalme wameingia miji iliyotekwa kwa tarumbeta wasipate raha ile. Juu yake mvua yote ya Tukuyu ilipiga bati kwa ngumi, ikapiga kwa mateke, ikaomba, ikabembeleza, isipate hata upenyo wa kuingiza sindano. Akagusa kisogo chake. Kikavu. Akagusa tena, si kwa mashaka, bali kwa utamu. Akayakunja magoti yake akakaa, na kwa mara ya kwanza hayakuulizwa yatakunjuka lini.

Nje, katikati ya mvua, Mzee Andrea alikuwa amesimama na jani la mgomba kichwani, akibadilisha mguu huu na mguu ule, kwa kuwa ushindi humjia mtu na haja zake.

"Mama Hezron," akaita. "Bado?"

Na kutoka ndani ya mraba ule uliosimama wima ikaja sauti tulivu, ya mtu asiye na haraka yoyote duniani:

"Bado."